Mwalimu Apata C

Kama gazeti la juma lililopita mlifungia vitumbua, shauri yenu. Lakini mimi sina roho mbaya, nawapa kwa ufupi.

Mwalimu Paskasi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari moja pale Bagara, mjini Babati. Mchumba wake wa kwanza, Mwalimu ndiye aliyemwacha, kwa sababu ya makosa ya herufi kubwa katika barua ya mapenzi. Naam, aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akampa alama, akairudisha. Mchumba wa pili ndiye aliyemwacha yeye, baada ya Mwalimu kusinzia siku ya kutambulishwa kwa wakwe, mdomo wazi, kijiko mkononi.

Huo usingizi ndio uliomwandama. Alisinzia darasani, alisinzia kikaoni, alisinzia kanisani akiwa amesimama. Ubavu wa kulia ulimlemea kama amemeza jiwe. Akiulizwa, anasema ni kazi nyingi. Kisha anachukua fimbo na kumchapa mwanafunzi aliyesinzia.

Sasa amempata Kandida, binti wa Mzee Wilbroad, watu wa Mbulu. Kandida anauza vitambaa sokoni na anakaa Nakwa. Alimaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, jambo ambalo Mwalimu anamkumbusha kila akipata nafasi, na asipoipata anaitengeneza. Padre akawaambia wazi kwamba bila kupima damu hatangazi ndoa. Tulipowaacha, damu imeshatolewa. Kandida alikuwa ameshika pamba mkononi na Mwalimu amelazwa kwenye benchi, kwa sababu aliiona sindano akazimia.

Haya, tuendelee.

Siku ya majibu, Kandida alikuwa na wateja wa sare za kwaya. Alishamwambia daktari kwamba majibu yake ampe Mwalimu, wao sasa ni kitu kimoja. Kwa hiyo Mwalimu akaenda peke yake kwenye zahanati ile. Zahanati yenyewe siitaji jina, maana lilikuwa kubwa kuliko jengo. Miaka ile mkoa wetu ulikuwa mpya, kila mtu anajibandika cheo, hata kibanda cha chipsi kiliandikwa "Makao Makuu".

Daktari Lukresia akatoka chumbani mbio, glavu mkononi.

"Daktari, nimefuata matokeo," Mwalimu akasema.

"Majibu? Mwalimu, nina mama anajifungua, siwezi kukaa. Kwa kifupi, UKIMWI hamna nyote wawili, mshukuruni Mungu. Mwenzako hana hata moja. Wewe B huna. C unayo. Hiyo C usiipuuze, njoo Ijumaa tukae tuongee."

Mlango ukafungwa.

Mwalimu Paskasi akabaki ameganda. C? Yeye? Tangu darasa la kwanza kule Rombo hajawahi kupata C! Hata kazi za mikono, ambako aliwasilisha ufagio wa mama yake, alipata B!

Halafu akakumbuka sehemu ya pili. Mwenzako hana hata moja. Maskini Kandida! Hata D hakupata. Roho ya Mwalimu ikatulia kidogo, maana hakuna kitu kinachomfariji mtu wa C kama kuwa jirani na mtu wa sifuri.

Sasa balaa lenyewe ni hili. Kwenye benchi alikuwa amekaa Mama Goodness, mwenye saluni pale mjini, katibu wa kamati ya harusi, ameshika shavu kwa maumivu ya jino. Jino likapona hapo hapo.

"Mwalimu, nimesikia vibaya au amesema umepata C?"

"Ndiyo C, Mama Goodness. Nafikiri kilichoniangusha ni usingizi."

"Si mbaya. C ni kufaulu. Na Kandida?"

"Hana hata moja."

"Yesu na Maria! Sifuri?"

"Sijasema mimi. Amesema daktari."

Mama Goodness akaondoka bila kung'olewa jino. Kufika jioni, watu wa Nangara walisema Kandida amepata sifuri ya damu. Nakwa walisema hana damu kabisa, anatembea kwa maombi. Wanafunzi wa Bagara wao walimpokea Mwalimu kwa heshima mpya. "Hongera kwa C, Mwalimu." Akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama mtu aliyezoea kupata zaidi.

Akaenda sokoni. Kandida alikuwa anakunja kitambaa cha bluu.

"Kandida, nimekuja kukuambia kwamba sikuachi."

"Kwani ulikuwa unaniacha?"

"Matokeo yametoka. Mimi nimepata C. Wewe umepata sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Ya afya."

Kandida akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. "Mwalimu, mimi nabeba majora haya peke yangu kutoka kwenye gari. Lini umeniona hata nikikohoa?"

"Afya si kubeba majora. Hata shuleni si ulikuwa unaandika sana? Ukapata daraja la nne."

Jamani! Mimi ningekuwa Kandida, lile jora la bluu lingemtua Mwalimu kichwani.  Kandida aliendelea kukunja.

"Nitakuoa hivyo hivyo," Mwalimu akaendelea, sauti ya huruma. "Lakini kwa masharti, maana na mimi nina afya yangu ya kulinda. Kwanza, utakula kwenye sahani yako mpaka utakaporudia kipimo ukafaulu. Pili, siku ya harusi hatutalishana keki kwa mikono, tutatumia uma, kila mmoja wake. Tatu, utasimama mbele ya baba yako na kamati uwaambie mwenyewe kwamba nakuchukua kwa huruma. Sitaki baadaye waseme nilidanganywa."

"Sahani, keki, kusimama mbele ya watu," Kandida akasema.

"Umeyashika."

"Nimeyashika, Mwalimu."

Mnadhani aliishia hapo? Thubutu! Kutoka sokoni alipitia saluni, akamvuta Mama Goodness pembeni.

"Kadi za harusi zisichapwe kwanza."

"Mbona nasikia umemwambia humwachi?"

"Simwachi. Nachelewesha tu. Kuna yule binti, mwalimu mpya wa Jiografia, nataka kujua yeye alipata ngapi."

Mama Goodness akafunga mdomo. Namsifu, maana ilikuwa mara yake ya kwanza.

Ijumaa Mwalimu Paskasi akavaa koti, akafunga tai, akaenda zahanati. Safari hii Daktari Lukresia alimkaribisha ndani, akafunga mlango.

"Daktari, nimekuja kukata rufaa."

"Rufaa ya nini?"

"C. Naomba damu yangu isahihishwe upya, na msahihishaji awe mwingine. Kama ni usingizi, ninaweza kujitetea."

Daktari akamtazama, akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akaona uso wa mtu aliye mbele yake, kicheko kikaisha.

"Mwalimu, C si alama. Ni jina la kirusi. Una homa ya ini, ile wanayoiita C. Iko A, iko B, iko C, na nyingine. Hakuna anayefaulu hapo."

"Aliyepata A je?"

"Mgonjwa."

"Na asiyepata hata moja?"

"Huyo ndiye mzima."

Mwalimu akashika meza. 

"Nieleze usingizi wako," daktari akasema.

Akaeleza. Usingizi, uchovu, ubavu, mwili kuwasha bila upele, chakula kumtia kichefuchefu. Miaka na miaka. Daktari akawa anatikisa kichwa.

"Huyu mdudu hana haraka. Anaingia kwenye ini anakaa kimya, miaka ishirini, hata thelathini. Wengine hawasikii chochote. Wengine wanachoka kama wewe, na watu wanawaita wavivu. Huku ini linapata makovu taratibu, linakakamaa. Likishindwa kazi, macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Wengine wanapata saratani. Unakunywa pombe?"

"Mbege. Kidogo. Ni utamaduni."

"Acha leo."

"Hata ya sikukuu?"

"Mwalimu, acha leo."

Akaacha kubishana. Sijawahi kusikia siku nyingine ambayo Mwalimu Paskasi aliacha kubishana.

"Sikiliza vizuri," daktari akasema kwa upole. "Kipimo changu kinasema mwili wako ulikutana na huyu kirusi. Kuna watu wachache mwili unamfukuza wenyewe. Kama bado yumo, na ini limeharibika kiasi gani, watajua Moshi kwenye hospitali kubwa. Nakuandikia uende mapema. Dawa zipo, ni sindano za muda mrefu, zinachosha na huku kwetu hazijafika. Usiende peke yako. Nenda na ndugu."

"Ndugu zangu wote walishanikimbia kwa kusahihishwa."

"Si una mchumba?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Halafu akauliza, sauti ndogo, "Niliupata wapi?"

"Inapita kwa damu. Uliwahi kuongezwa damu? Kuchanjwa chale? Sindano moja kwa watu wengi?"

Hapo akakumbuka. Darasa la tano, shule ya msingi. Mganga alikuja na sindano ya chanjo, moja, anaifuta kwa spiriti anaendelea na mkono mwingine. Paskasi alikuwa wa kwanza darasani, kwa hiyo alitakiwa aongoze mstari. Akaona sindano, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akarudi akajipanga mwisho. Mtoto huyo aliyekuwa wa kwanza kwa kila kitu, kwenye sindano akawa wa mwisho, darasa zima likiwa mbele yake.

"Siwezi kuapa kwamba ndipo hapo," daktari akasema. "Lakini inawezekana sana."

"Na sahani? Kula pamoja?"

"Haiambukizi kwa sahani. Wala kikombe, wala kukumbatiana."

"Keki je? Ya kulishana?"

"Keki ina kosa gani? Chunga wembe wako, mswaki wako, na jeraha lako. Basi."

Mwalimu akatoka pale akiwa na masharti yake mwenyewe kichwani, moja baada ya jingine. Njia nzima hakumsahihisha mtu.

Jumapili baada ya misa kamati ikakutana sebuleni kwa Mama Goodness, nyuma ya saluni. Mzee Wilbroad alikuwa ameteremka kutoka kwao kwa aibu ya binti. Koti la kanisani, fimbo mkononi, kofia magotini.

"Shikamoo, Baba," Mwalimu akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi." Mzee akameza mate. "Sifuri! Sisi kwetu watoto wanakunywa maziwa, wanakula ugali wa dona. Sijui imetoka wapi. Ukisema unamwacha, sina la kukulaumu. Lakini nakuomba, umchukue hivyo hivyo."

Na akainuka mzee wa watu, akataka kupiga magoti!

Wasomaji wangu, tafadhali simameni hapa na mimi. Mtu huyu anahitaji mke sasa kuliko wakati wowote wa maisha yake. Anahitaji wa kumshika mkono Moshi. Na hapa baba mzazi anamsihi amchukue binti yake, kamati inamwangalia kama mfadhili, na hakuna hata mmoja anayejua C ni nini. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Aseme, "Inuka Baba, namchukua," kesho ndoa itangazwe.

Mdomo wake ukafunguka. "Inuka, Baba..."

"Ngoja, Mwalimu," Kandida akasema kutoka kwenye kona. "Baba, kaa. Naomba mtupishe kidogo, mimi na Mwalimu."

"Hapa ni kwangu!" Mama Goodness akaruka.

"Ndiyo, Mama Goodness. Na wewe pia."

Wakatoka. Mzee Wilbroad akaegemeza mgongo kwenye mlango, akailaza fimbo mbele ya Mama Goodness, ambaye sikio lake lilikuwa tayari njiani.

Ndani, Kandida hakukaa.

"Jana nilikwenda kwa daktari kumwomba nirudie mtihani," akasema. "Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema sifuri yangu ndiyo uzima. Ya kwako hakuniambia, alisema ni siri yako. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na nitakuuliza mara moja. C ni nini?"

Mwalimu Paskasi akaangalia mlango. Akaangalia dirisha, lakini lilikuwa na nondo.

"Ni ugonjwa," akasema. "Ugonjwa wa ini. Ninao mimi. Wewe ni mzima."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

"Na leo Baba alipotaka kupiga magoti, ulikuwa unasema nini?"

Mwalimu akajishika tai.

"Na kama kweli sifuri ingekuwa ugonjwa wangu, ungenioa?"

Angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo, nani angebisha? Lakini kitu fulani kilikuwa kimemlegea tangu Ijumaa.

"Hapana," akasema. "Nilimwambia Mama Goodness asichape kadi. Na nilimuulizia mwalimu wa Jiografia." Hapo machozi yakamtoka, mtu mzima, na tai yake. "Kandida, naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Nisipopata mtu wa kwenda naye, siendi."

Kandida akamtazama. Alikuwa na hasira, na bado alimpenda, na hilo ndilo lililomwongezea hasira.

"Nina masharti," akasema.

"Yoyote."

"Kwanza, sahani. Tutakula moja. Pili, keki. Utanilisha kwa mkono wako mbele ya mji mzima wa Babati, na hakuna uma. Tatu, kusimama mbele ya watu."

"Kwa baba yako? Namwita sasa hivi!"

"Si kwa Baba peke yake. Ugonjwa wako ungekuwa siri yako, nisingemwambia hata paka. Lakini wewe mwenyewe uliutangaza, ukanizulia na mimi wangu. Sokoni wananiita Sifuri. Jana mteja amekataa kitambaa nilichokishika. Kesho asubuhi, mstarini, mbele ya wanafunzi wote, utawaambia C ni nini na sifuri ni nini. Na wale uliowachapa kwa kusinzia, utawaambia wewe ulikuwa unasinzia kwa nini. Mimi na Baba tutakuwa getini. Ukisema yote, Jumanne tunapanda basi la Moshi wote wawili. Ukishindwa..."

"Nikishindwa?"

"Nenda na fimbo yako, ikushike mkono."

Jumatatu kengele ikalia. Wanafunzi wakajipanga, mashati ndani. Walimu wakasimama kivulini, yule wa Jiografia mbele kabisa. Getini, Kandida na Mzee Wilbroad. Mzee bado hajui kitu, ameambiwa tu aje asikilize. Nyuma yao Mama Goodness, hajaalikwa.

Mwalimu Paskasi akapanda ngazi za ofisi.  Akaiweka fimbo chini, na watoto wa mbele wakatazamana.

"Wanafunzi," akasema. "Nina jambo la kuwaambia. Mimi, mwalimu wenu, nimepata C."

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi.

Walipiga makofi kidato cha kwanza, wakapiga cha nne, wakapiga walimu kivulini. Mzee Wilbroad naye, kwa adabu, akaweka fimbo kwapani akapiga. "Hongera, Mwalimu!" mtu akapaza sauti. Mwalimu Paskasi akasimama katikati ya shangwe ile, na bila kujua akaanza kuitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Halafu akatazama getini. Kandida peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amekunja mikono, anangoja amalizie sentensi.